Jinsi ya Kutengeneza Filamu Huru Kuhusu Wapenzi wa Jinsia Moja Waliodumu, Ukiwa Dar es Salaam: Mwongozo Kamili

Nimekuwa nikiletewa diski za filamu ya namna hii kwa miaka sasa. Wanaozileta hubadilika, kosa halibadiliki: saa nane za picha, watu wawili wamekalishwa kwenye kochi, nyuso zimefunikwa ukungu wa kompyuta, na maswali yote ni ya mateso. Ulifukuzwa lini? Familia ilisemaje? Ulilia? Nikimaliza kutazama sijui nani kati yao huamka mapema, nani mgumu wa kutoa hela, wala wamewezaje kukaa pamoja miaka kumi na saba. Na pamoja na ukungu wote ule, jirani yao angewatambua kabla chai yake haijapoa.

Maana yake vimeharibika vitu viwili kwa mpigo. Uhusiano haumo ndani ya filamu, na waliomo ndani ya filamu hawako salama. Dawa yake kwangu ni moja: anza na sauti, chelewesha kamera, na watu wenyewe usiwapige picha kabisa.

## Kabla hujagusa kifaa chochote: sheria

Usiruke sehemu hii. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinaweka kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30, kwa kile kinachoitwa kujamiiana kinyume cha maumbile. Zanzibar ina sheria yake ya adhabu, nayo inawataja hata wanawake waziwazi, kwa hiyo kupanda boti hakukusaidii.

Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga na kuwataka wananchi wapeleke majina. Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa tamko kwamba hayo ni maoni yake binafsi, si msimamo wa serikali. Kifungu cha 154 kikabaki pale pale. Watu utakaowahoji wanaikumbuka miezi ile vizuri kuliko wewe.

Halafu kuna upande wa filamu yenyewe. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali cha kutengeneza na cha kuonyesha, na muswada wa filamu yako (skripti) unasomwa na Bodi ya Filamu. Usitarajie kwamba huu utapita. Wala usiseme "nitashuti kimya kimya, nani atajua?" Jirani zetu wa Kenya wana sheria yenye jina hilo hilo. Mwaka 2014 filamu ya Nairobi iitwayo Stories of Our Lives ilionyeshwa Toronto, ikapigwa marufuku nyumbani, na mtayarishaji wake mmoja akakamatwa. Kosa aliloshikiwa lilikuwa la kushuti bila leseni.

Ndiyo maana njia ninayoieleza hapa inagawa kazi: Dar es Salaam unarekodi mazungumzo tu, na picha zinatengenezwa na mshirika aliye kwenye nchi ambako kazi hii si kosa. Afrika Kusini, kwa mfano, ndoa za jinsia moja zinatambuliwa tangu 2006. Mgawanyo huu unapunguza hatari, hauifuti. Lipa saa moja ya wakili unayemwamini, mweleze mpango wote, kisha ndipo uamue. Akikwambia acha, acha.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kinasa sauti kidogo kinachojitegemea, kama Zoom H1n au kinachofanana nacho. Simu inanasa vizuri siku hizi, lakini ina laini, na laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Simu inajua wewe ni nani na uko wapi.
- Maiki mbili za kubana kifuani, na hedifoni za kuziba masikio kabisa.
- Kadi mbili za kumbukumbu, mpya. Usiazime ya harusi ya mtu.
- Diski mbili zilizofungwa kwa nywila ndefu. Programu ya VeraCrypt inafanya hivyo bure.
- Kompyuta yenye programu ya kuhariri filamu, DaVinci Resolve ya bure, au Audacity kama unahariri sauti peke yake.
- Waigizaji wa sauti wawili au watatu wasiotoka kwenye mzunguko wa wahusika.
- Mchoraji. Hapa ndipo hela yako nyingi itakwenda, kwa hiyo usinunue kamera.
- Muda. Miezi sita ni michache.

Kariakoo utavipata vifaa vyote kwa bei ya kupatana. Jaribu maiki hapo hapo dukani ukiwa na hedifoni zako mwenyewe, maana ukishavuka barabara hutamkuta aliyekuuzia.

## Hatua ya 1: Tafuta uhusiano, usitafute kisa

Wengi humchagua mtu mwenye kisa kikubwa zaidi: aliyepigwa, aliyetangazwa, aliyekimbia. Huyo ana filamu yake, lakini si hii. Wewe unatafuta wawili waliokaa muda mrefu kiasi cha kuchokana na kurudiana. Miaka saba ni mwanzo mzuri.

Usitangaze popote kwamba unatafuta wahusika. Pitia kwa mtu mmoja anayeaminika na pande zote, mwache yeye apeleke ujumbe, na wao waamue kukutafuta. Wasipokutafuta, hilo ndilo jibu lao.

Mkikutana mara ya kwanza, nenda mikono mitupu. Kama ni wakubwa kwako, shikamoo iwe shikamoo, kunywa chai, na uulize wao wenyewe wanajiitaje. Neno "shoga" kwa mwanamke wa pwani ni rafiki yake wa kike. Kwa mwanamume linaweza kuwa tusi au utani, inategemea nani kalitamka. Wengine watakwambia "sisi ni kuchu", neno ambalo baadhi ya wapenzi wa jinsia moja Afrika Mashariki hujiitia. Wengine hawataki jina lolote: "Huyu ni mwenzangu, basi." Jina watakalokupa ndilo la filamu nzima.

Utajua umefanikiwa pale watakapoanza kubishana mbele yako juu ya jambo dogo, kwa mfano nani aliacha jiko linawaka. Wawili wanaokubaliana kila kitu mbele ya mgeni bado wamevaa nguo za kutokea.

## Hatua ya 2: Omba ridhaa mara tatu

Mara ya kwanza kabla ya kurekodi, mara ya pili baada ya kuwasikilizisha walichosema, mara ya tatu baada ya kuiona filamu iliyokamilika. Ridhaa ya siku ya kwanza ni ya mtu asiyejua atasema nini. Haitoshi.

Usiwasainishe fomu zenye majina. Najua mafunzo ya filamu yanasema fomu ndiyo kinga yako, na pengine kwingine ni kweli. Hapa karatasi hiyo ni ushahidi dhidi yao, nayo inakaa kwenye begi lako. Wape herufi au namba, rekodi ridhaa kwa sauti bila jina, na usiweke popote orodha inayounganisha namba na mtu. Ikae kichwani mwako.

Wote wawili lazima wakubali, kila mmoja peke yake, mwenzake akiwa hayupo chumbani. Mmoja akisita, filamu ya wawili hao imekufa. Washukuru, uondoke, na usirudi kubembeleza.

Onyo la pesa: nauli na chakula ni haki yao, lakini toa taslimu. Muamala wa simu unaacha majina kamili ya pande mbili, tarehe na saa.

## Hatua ya 3: Pata chumba kisichosema kiko wapi

Usirekodi nyumbani kwao. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na korido moja haina siri. Mpangaji wa chumba cha tatu atasikia mnachosema, na mama mwenye nyumba atauliza kesho yake yule kijana wa mabegi alikuwa nani.

Tafuta chumba chenye godoro, mapazia na nguo nyingi. Vitambaa hunywa mwangwi. Zima feni. Zima friji pia, na weka funguo zako juu yake ili usisahau kuiwasha unapoondoka. (Nilishawahi kuharibu kilo nne za samaki wa mwenyeji wangu. Huo ndio ushauri wa bei ghali kuliko wote kwenye mwongozo huu.)

Kisha vaa hedifoni, kaa kimya dakika tano, usikilize kama mtu anayetaka kukutafuta. Konda anayeita "Mwenge, Posta!" anakutaja ulipo. Honi ya pantoni inasema Kigamboni au Magogoni. Adhana ya msikiti ambao muadhini wake anajulikana, mwalimu wa kwaya anayerudia pambio lile lile kila Alhamisi, vyote hivyo ni anwani. Ukivisikia, badilisha saa au badilisha chumba.

Rekodi kwa faili za WAV (sauti isiyobanwa) za biti 24, kilohezi 48, na sauti ya juu kabisa isipande zaidi ya desibeli −12. Mwishoni nasa dakika moja ya ukimya wa chumba hicho. Utaihitaji kuziba mapengo wakati wa kukata.

## Hatua ya 4: Uliza maisha ya ndani

Hapa ndipo filamu inapopatikana au kupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kudumu hakujibiki kwa swali la "mmewezaje kudumu?" Ukiliuliza utapewa hotuba: uvumilivu, kuheshimiana, Mungu. Yote ni kweli, na yote ni majibu ya kadi ya harusi. Uliza vitu vinavyoshikika.

Kodi mnalipaje? Dar es Salaam mwenye nyumba anataka miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na kila mkupuo ni uamuzi wa kuendelea kukaa pamoja. Nani aliongea na mwenye nyumba, na alijitambulisha kama nani? Mkataba una jina la nani? Mmoja akiondoka leo, godoro ni la nani?

Nani anapika, na mwingine anakula bila kusifia? Nani ananunua umeme, na ukikatika usiku nani anajifanya amelala? Mmoja akiumwa na kulazwa, mwingine anawaambia nini manesi? Anaingia saa za kutazama wagonjwa kama ndugu, kama rafiki, au anasubiri nje getini?

Na uliza kuhusu msiba. Sijawahi kuuliza swali hili nikapata jibu jepesi. Mwanamume mmoja alinieleza mama wa mwenzake alipofariki: alikaa chini ya turubai siku tatu pamoja na wanaume wengine, akaandika daftari la michango kwa sababu ana mwandiko mzuri, akasimamia maji na viti. Ndugu wa marehemu wakamsifu kwamba huyu ndiye rafiki wa kweli. Usiku wa tatu mwenzake akapita karibu yake, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umekula?" Basi. Hawakugusana, hawakusemezana tena mpaka arobaini. Ndani ya neno hilo moja kuna miaka yao yote, na hakuna swali la "mlipendanaje" ambalo lingelitoa.

Mbinu moja itakusaidia. Filamu ya Flee ya mwaka 2021, ambayo ni hadithi ya kweli ya mkimbizi wa Afghanistan iliyochorwa ili kumficha, ilirekodiwa mhusika akiwa amelala chali, macho yamefumbwa, akisimulia kana kwamba jambo linatokea sasa hivi. Jaribu. Mwambie: "Fumba macho. Uko chini ya turubai. Unaona nini?" Kiswahili kitakusaidia chenyewe, maana msimuliaji wetu mzuri huingia kwenye "nakaa, nashika daftari, namwona anakuja" bila kuambiwa.

Rekodi kila mmoja peke yake kwanza, ndipo wawili pamoja. Tukio moja likisimuliwa mara mbili kwa namna mbili, tayari una tendo la kwanza la filamu yako.

Usifanye hivi: usiulize habari za kitandani. Hazihitajiki, na kwa sheria niliyoitaja hapo juu utakuwa umewatoa wahusika kinywani maneno ya kukiri kosa.

Utajua umefanikiwa ukicheka angalau mara mbili wakati wa kurekodi, na kuna angalau jambo moja ambalo mmoja wao amelisikia kwa mara ya kwanza.

## Hatua ya 5: Andika kila neno, kisha ng'oa alama

Saa moja ya sauti itakula saa nne au tano za kuandika. Usiipe programu ya mtandaoni ikuandikie, kwa kuwa sauti itakwenda kukaa kwenye kompyuta ya watu usiowajua. Andika mwenyewe, kwenye kompyuta iliyozimwa intaneti.

Chukua kalamu nyekundu upite kila ukurasa. Futa majina, mitaa, makanisa na misikiti, shule, timu ya mtaani, kabila kama ni la wachache, kazi kama ni ya pekee. Fundi cherehani wapo maelfu jijini. Fundi wa kutengeneza vinanda hawafiki hesabu ya vidole. Tarehe za misiba na ajali nazo ziondoke, maana ndizo watu wanazozikumbuka.

Badilisha kwa kitu chenye uzito ule ule. Alikuwa dereva wa daladala? Mfanye wa bajaji. Usimfanye rubani. Kila badiliko lipitishwe na wahusika wenyewe, wao ndio wanajua lipi litawatoboa.

## Hatua ya 6: Ipe hadithi midomo mingine

Kupandisha au kushusha sauti kwa kompyuta si maficho. Mwenye ujuzi kidogo anairudisha ilivyokuwa, na hata bila kuirudisha, mama yako anakujua kwa jinsi unavyovuta pumzi.

Tumia waigizaji wa sauti. Wasikilizishe rekodi ukiwa nao chumbani, wasibaki na nakala, kisha waseme maneno hayo hayo pamoja na kusitasita kwake. Mwigizaji wa tamthilia za redio atataka kulia kila sentensi, mzuie. Mhusika alisema "Umekula?" kwa sauti ya kawaida, naye aseme hivyo.

## Hatua ya 7: Picha bila watu

Mshirika wako wa nje anapokea sauti za waigizaji na maelezo, hapokei rekodi za asili. Kwa filamu ya dakika 25, ukikadiria mchoro mmoja kwa sekunde kumi unahitaji michoro kama 150. Michoro inayotulia na kamera kuisogelea taratibu inatosha. Ya kutembea kama katuni itakula bajeti kabla ya dakika ya tano.

Mchoraji asiyeijua Dar es Salaam atakuchorea Afrika ya kwenye kalenda. Mwandikie vitu: ndoo ya maji yenye kifuniko, kanga imetundikwa mlangoni badala ya pazia, sufuria imepinduliwa uani, miguu miwili ya ndala, moja imekatika na kufungwa kwa msumari. Mikono inaonyesha umri kuliko uso. Achore mikono.

Ukipenda kuchanganya picha halisi za vitu, zipigwe huko huko kwa vitu vya kununua. Mimi niliwahi kuletewa picha nzuri ya ukuta wenye mwanga wa jioni, na pembeni namba ya mita ya LUKU inasomeka yote kumi na moja. Ukuta ule ulikuwa na jina la mteja. Sufuria mpya, kioo cha televisheni na kijiko navyo ni vioo: humwonyesha aliyeshika kamera.

## Hatua ya 8: Tafsiri kwa uangalifu kuliko ulivyohariri

Kiswahili kimewahifadhi wahusika wako tangu mwanzo bila wewe kujua. "Mwenzangu alinipikia" haisemi aliyepika ni mume au mke. Yeye, mpenzi, mwandani, kipenzi, yote hayana jinsia. Unaweza kusimulia dakika kumi nzima msikilizaji asijue, kisha umjulishe pale unapotaka wewe. Hicho ni kifaa cha usimulizi ambacho watengenezaji wengi duniani hawana, nasi tunakitupa kwa kuanza na bango linalotangaza kila kitu.

Kiingereza, chenye "he" na "she", kinakulazimisha uchague mapema. Mtafsiri asiyeambiwa ataandika mwanamke, kwa mazoea, na filamu itageuka uongo. Kaa naye mstari kwa mstari, amueni mapema jinsia inajulikana dakika ya ngapi. Kabla ya hapo tumieni jina la kubuni au geuzeni sentensi.

## Hatua ya 9: Onyesho la kwanza ni la watu wawili

Waonyeshe wao peke yao, kwenye kompyuta yako, mlango umefungwa. Usiwatumie kiungo. Kaa nyuma yao uangalie migongo; mgongo unaokakamaa unakuonyesha dakika ya kurudia.

Kisha waulize swali moja: "Dada yako akiiona hii, atajua?" Wakisema "labda", rudi Hatua ya 5. Wakisema hawataki tena itoke, haitoki. Hapo utaumia, na una haki ya kuumia ukiwa kwako.

## Hatua ya 10: Kuituma, na kusafisha

Faili litumwe na mshirika wa nje. Ukilazimika kulituma wewe, kumbuka kwamba tangu Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) inataka wanaotumia VPN, yaani programu ya kuficha ulipo mtandaoni, wajisajili, kwa hiyo usidhani VPN ni kichaka ambacho hakuna anayekitazama. Ondoa pia maelezo yaliyofichwa ndani ya faili: jina la kompyuta, tarehe, mahali.

Tamasha la Berlin limekuwa likitoa tuzo ya Teddy kwa filamu za aina hii tangu 1987, na yapo matamasha mengine mengi. Ukituma, andika kwa maneno wazi kwamba haionyeshwi Afrika Mashariki wala kuwekwa mtandaoni bila idhini yako, na kwamba jina lako halitajwi kama hutaki. Jina lako ni njia ya kufika kwao. Wanaokujua wanajua unakunywa chai na nani.

Mwisho ni rekodi za asili. Kufuta kwa kawaida hakufuti, hasa kwenye kadi na diski za kisasa. Kama diski ilifungwa kwa VeraCrypt tangu siku ya kwanza, ifomati upya na uisahau nywila. Kadi za kinasa sauti ni bei ndogo: zikate kwa mkasi wa bati, vipande viwili viwili, utupe nusu kwenye pipa moja na nusu kwenye jingine. Wahusika wakitaka kuwepo, wakate wao.